Year Zero ya Nine Inch Nails: fulana ya ziara, CD au santuri?

Mkwaju_Mkavu
Wakuu habari za jioni. Binamu yangu yuko Leipzig, anarudi Dar mwisho wa mwezi, na kwenye begi lake nina nafasi ya kitu kimoja tu. Nataka kumbukumbu ya Year Zero, albamu ya 2007 ya bendi ya roki ya Marekani, Nine Inch Nails. Kuna watu kule wanauza fulana ya ziara ya mwaka huo, CD ya toleo la kwanza na santuri. Nichukue kipi? Msiniambie nisikilize mtandaoni, huko nasikiliza kila siku.

BetriNne
Bajeti? Saizi? Santuri utaipigia wapi, pleya unayo? Mkuu, unauliza kodi ya nyumba bila kutaja mtaa.

Mkwaju_Mkavu
Pleya ipo ya mzee, iko kijijini, sindano imekufa.

Bi_Nanga
Basi santuri tuiweke kando. Chukua CD, kaka. Uso wake ni mweusi, ila ikishazunguka kwenye mashine ikapata joto inatoka nyeupe, zinajitokeza sifuri na moja. Ukizigeuza kuwa herufi unapata anwani ya tovuti. Na kwenye kasha kuna onyo la Idara ya Maadili ya Marekani, idara ambayo haipo popote isipokuwa ndani ya hadithi ya albamu hiyo, ya Marekani ya siku zijazo, pamoja na namba ya simu. Watu walipiga, ikapokelewa na sauti iliyorekodiwa.

Gitaa_la_Tanga
Fulana! Bila fulana huo mchezo wote wa mafumbo usingeanza. Februari 2007 bendi iko Ulaya, mashabiki wakagundua kuna herufi zimekolezwa kwenye maneno ya fulana. Kuziunganisha, iamtryingtobelieve.com. Kuingia humo, raia analalamika kwamba serikali inatia dawa inayoitwa Parepin kwenye maji ya bomba. Siku hizohizo flashi ikaokotwa chooni kwenye onyesho la Lisbon, ndani kuna My Violent Heart na albamu bado haijatoka. Trent Reznor, kiongozi wa bendi, alipanga mambo hayo na kampuni ya 42 Entertainment. Albamu yenyewe ikaja Aprili. Kwa hiyo mlango ni fulana, CD ni sebule.

MzeeWaReli
Fulana mimi naziogopa. Niliwahi kuagiza ya ziara ya miaka hiyohiyo kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, simtaji. Picha zilikuwa safi, kitambaa kimefifia kiutu uzima, nikalipa. Ikakaa posta wiki kadhaa, nikalipia na ushuru. Kuifungua, inanuka majani ya chai! Jamaa kachukua fulana mpya, kaichovya chai ili izeeke. Nikaifua mara moja, maandishi yakabanduka kama magamba. Nilipolalamika akaniambia ndivyo vitu vya kale vilivyo. Hela haikurudi. Mama watoto anaitumia kudekia hadi leo. Kwa hiyo binamu aishike mkononi, aangalie lebo ya shingoni, na pindo la chini liwe na mishono miwili. Mshono mmoja ni mambo ya fulana za kabla ya katikati ya miaka ya 90, kwa ya 2007 ujue umepigwa.

Pwani_Roki
Mnababaika na Year Zero wakati albamu ya 2112 ya bendi ya Rush ipo tangu 1976? Makuhani wanatawala sayari, kijana anaokota gitaa, wanamkatalia. Hiyo ndiyo albamu ya siku zijazo.

Gitaa_la_Tanga
Hadithi ya 2112 inaisha upande mmoja wa santuri, dakika ishirini. Upande wa pili ni nyimbo za kawaida tu.

Pwani_Roki
Dakika ishirini za Neil Peart, mpiga ngoma na mtunzi wa maneno wa Rush, zinatosha ndugu yangu. Halafu hadithi ya hiyo yenu imewekwa mwaka 2022. Imeshapita, mbona bado tupo?

Bi_Nanga
Tupo, lakini soma tena habari za udini kuingia ikulu, kila raia kufuatiliwa na hali ya hewa kuharibika, halafu uje hapa tucheke pamoja.

BetriNne
Kichekesho ni kwamba mwaka huohuo wa 2007 Reznor alisimama jukwaani Sydney akawaambia mashabiki waibe muziki wake, kwa hasira ya bei ya CD kule Australia. Leo sisi tunatafuta ya kununua kwa euro.

Mkwaju_Mkavu
Fulana anataka euro 90. CD 12. Navaa L.

MzeeWaReli
Tisini?! Nunua CD, zinazobaki nenda soko la mitumba la Karume alfajiri marobota yanapofunguliwa. Nimewahi kuona fulana ya Metallica pale inauzwa bei ya chipsi mayai.

Gitaa_la_Tanga
Ya kutafuta kwa bahati hiyo. Utapekua mwaka mzima.

Pwani_Roki
Mzee, hiyo ya Metallica ilikuwa ya ziara gani? Na unaijua meza ya huyo muuzaji?

MzeeWaReli
Upande wa mashati, karibu na wauza mikanda. Ziara sikuangalia, ila ilikuwa nyeusi na ina fuvu.

Pwani_Roki
Zote ni nyeusi na zina fuvu, mzee.