Je, msimbo wa programu uliogharimiwa na ruzuku ya utafiti unaweza kusambazwa bure?

Swali
Habari zenu, wanajukwaa. Nilikuwa mwajiriwa katika mradi wa utafiti wa chuo kikuu kimoja hapa Tanzania, uliofadhiliwa na taasisi ya serikali ya Marekani, tukaandika programu ya kukusanya takwimu za zahanati. Mradi umekwisha, na msimbo uko wazi kwenye intaneti bila leseni yoyote. Wenzetu wa mkoa mwingine wanauhitaji sana. Kwa kuwa fedha zilikuwa za umma, je, naweza kuwapa, nao waurekebishe na kuwapa wengine?

Jibu la kwanza
Ndugu, aliyelipa si lazima awe ndiye mmiliki. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta bila kudai usajili, na kazi iliyofanywa na mwajiriwa katika ajira yake ni ya mwajiri, isipokuwa mkataba useme vingine. Msimbo usio na leseni, hata kama kila mtu anauona, haujampa yeyote ruhusa ya kuusambaza. Kiombe chuo ruhusa kwa maandishi.

Jibu la pili
Naongezea upande wa Marekani, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapokosea. Kazi za watumishi wa serikali kuu ya nchi hiyo hazina hakimiliki huko kwao, lakini kanuni hiyo haimhusu mpokeaji wa ruzuku: kwa kawaida yeye hubaki na hakimiliki, na serikali hujiwekea haki ya kuitumia kazi hiyo kwa malengo yake. Haki hiyo haiwafikii wenzako wa mkoa wa pili. Tazama DHIS2, programu ya takwimu za afya ya Chuo Kikuu cha Oslo, ambayo Wizara ya Afya yetu inaitumia: imepata fedha za wafadhili wengi, ila kinachoturuhusu kuisambaza ni leseni yake ya BSD, inayomruhusu yeyote kuitumia, kuirekebisha na kuisambaza kwa masharti machache.

Mwuliza swali
Nawashukuru sana. Sehemu ya msimbo iliandikwa na wanafunzi wawili wasiokuwa waajiriwa, na tulitumia maktaba moja (yaani msimbo ulioandikwa tayari na wengine) yenye leseni ya GPL, inayodai kazi itokanayo nayo isambazwe kwa masharti yaleyale.

Jibu la pili
Basi ridhaa ya wanafunzi hao nayo itafutwe kwa maandishi, maana chuo hakiwezi kutoa kisichokuwa chake. Kuhusu GPL, ikiwa maktaba hiyo imeunganishwa ndani ya programu yenu, mwombe mkuu wa mradi achague leseni inayopatana nayo, na atakayepokea programu apate pia msimbo wake.