Tupeane uzoefu: kijisanamu ulichokikata, ukakiunga upya na kukipaka rangi

Wakuu, habari zenu. Wapenzi wa michezo ya vita ya mezani, njooni huku. Kila mmoja asimulie askari mmoja aliyembadilisha hadi asifanane tena na wenzake wa boksi moja: alikata wapi, akaunga kwa nini, na rangi aliipakaje mpaka mshono ukapotea. Picha peke yake haitoshi, tunataka maelezo.

Nafungua mimi. Nilikuwa na askari wa miguu wa 28 mm (kipimo cha urefu wao), plastiki ngumu, wote wanatazama mbele. Nikataka mmoja awe ofisa anayegeuka kuwaita walio nyuma. Wengi huzungusha kichwa tu wakaishia hapo. Lakini hebu simama umwite mtu aliye nyuma yako: bega linafuata kichwa, kiuno kinajipinda, uzito unahamia mguu mmoja. Kwa hiyo nilimkata kiunoni kwa msumeno mwembamba, chini kidogo ya mkanda, maana mkanda ndio unaoficha mshono. Nikazungusha kiwiliwili, nikakishika kwa gundi ya plastiki. Gundi hii huyeyusha pande zote mbili zikawa kitu kimoja, ndiyo maana kwa plastiki ngumu sihangaiki na supaglu.

Mikunjo ya koti ilikatika, nikaichonga upya kwa epoksi ya kijani, ule udongo wa kukanda unaokauka ukawa mgumu. Inakuja bluu na njano, unazikanda mpaka usione mistari. Ukizidisha njano inakuwa laini na yenye kunata. Ukizidisha bluu inakauka ngumu zaidi. Una saa moja na ushee ya kuichonga, na kifaa kiwe na maji muda wote isigande nacho. Mikunjo niliivuta kutoka begani ikashuka hadi kwenye nyonga iliyobeba uzito. Pale ndipo ofisa alipopata uhai, hata kabla ya tone la rangi.

Haya, nani anafuata?

Mzee wa Madini

Mkuu, umegusa penyewe. Mimi ni wa vijisanamu vya madini, vile vizito. Wangu ni mshika bendera ambaye nilimpa mkono wa askari mwingine kabisa. Mkono wa madini wenye bendera hauwezi kubebwa na gundi tupu, ukiguswa kidogo unang'oka. Dawa yake ni pini: keekee ya mkono ya milimita 1 na kipande cha waya wa klipu ya karatasi.

Kazi ni kufanya matundu mawili yaelekeane. Toboa bega kwanza. Weka tone dogo la rangi mbichi ukingoni mwa tundu, bana mkono mahali pake, kisha uachanishe. Alama inahamia kwenye mkono, na hapo katikati yake ndipo pa kutobolea. Waya, supaglu, basi. Unaweza kumshika askari kwa hiyo bendera ukamning'iniza na hang'oki.

Angalizo kwa wenye vijisanamu vya zamani: vingi vina madini ya risasi (lead), ambayo ni sumu. Usile huku unapiga tupa, futa vumbi kwa kitambaa kibichi na unawe mikono.

Mama Vikosi

Shikamoo Mzee. Hiyo ya tone la rangi naichukua.

Mimi nipo upande wa rangi zaidi. Kijisanamu kilichobadilishwa kinakuwa na plastiki hapa, epoksi pale, pengine na waya, na kila kimoja kinapokea rangi kivyake. Praima, yaani rangi ya msingi inayopakwa kwanza, ndiyo inayovifanya ngozi moja. Pia inaonyesha kila ufa ambao jicho halikuuona wakati rangi za vifaa zilikuwa zinachanganya, kwa hiyo baada ya praima narudi tena na msasa laini bila huruma.

Kisha napuliza nyeusi mwili mzima, ikikauka napuliza nyeupe kutoka juu tu. Kwa ofisa kama wa mleta uzi hii ni muhimu mno, kwa sababu amegeuka: mwanga hauangukii tena pale unapoangukia wenzake. Ukimpaka kwa mazoea ya kikosi kizima, ule mgeuko wote uliouhangaikia unafifia. Nyeupe inakuonyesha bega lipi limeinuka. Baada ya hapo ni akriliki iliyochanganywa na maji, tabaka nyembamba mbili au tatu, kila moja ikauke kwanza.

Kikosi Kidogo

Wakuu, mimi nina wale wadogo wa 1/72 (mtu halisi aliyepunguzwa mara 72), plastiki laini inayopinda. Nabadilisha vichwa lakini gundi haishiki kabisa na rangi inabanduka kwenye bunduki. Mnafanyaje?

Mzee wa Madini

Marahaba Mama Vikosi.

Kikosi Kidogo, plastiki hiyo haikubali gundi za kawaida, usipoteze chupa. Pini tena, mdogo wangu: choma waya shingoni, kichwa kikae juu yake kwa kubanwa, kisha zungushia kola ya epoksi iliyoshika pande zote. Kuhusu rangi, osha kwanza kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, maana vinatoka kiwandani na mafuta ya kwenye kalibu. Praima iwe nyembamba, na bunduki uzinyooshe kabla ya kupaka. Tuwekee picha ukimaliza vichwa.