Darasa la Tatu wanasoma vizuri lakini hawatungi: nitumie shughuli gani?

Mwalimu wa Kasulu ameuliza:

Habari za kazi, walimu wenzangu. Ninafundisha Kiswahili Darasa la Tatu katika shule ya kijijini wilayani Kasulu. Wanafunzi wangu wengi wamevuka hatua ya silabi na wanasoma kifungu kwa sauti bila kukwama, lakini nikiwaambia watunge habari fupi, karibu wote huandika "Ng'ombe ni mnyama wa kufugwa, ana miguu minne", kwa kuwa ndivyo walivyozoea kunakili ubaoni. Uwanjani ni wasimulizi hodari, hasa wanapozungumza Kiha. Wakishika penseli, usimulizi wote unakauka. Darasa ni kubwa, vitabu vya hadithi ni vichache na fedha za vifaa hakuna. Naomba shughuli ambazo zitamfanya mtoto aandike maneno yake mwenyewe.

Mwalimu wa Ujiji amejibu:

Mwalimu mwenzangu, anza na vitendawili, kwa sababu ni utungo mfupi ambao mtoto anaufahamu hata kabla hajaandikishwa shule. Kipe kila kikundi kitu kimoja kwa siri: mtumbwi, embe, jembe, au taa ambazo wavuvi wa dagaa huziwasha ziwani usiku usio na mbalamwezi. Wajadiliane kwanza kitu hicho kinafanya nini, kinatoa sauti gani na kinafanana na nini, kisha waandike sentensi mbili bila kukitaja jina. Baada ya hapo kikundi kinasimama na kusema "Kitendawili!", darasa linaitikia "Tega!", na wakishindwa wanatoa mji kama ilivyo desturi.

Faida yake ni kwamba sentensi yako ya miguu minne inajiondoa yenyewe. Inamfaa mbuzi, inamfaa paka, inafaa hata meza, kwa hiyo wenzao watataja majibu kumi na waliotega wataona wenyewe kuwa maneno yao hayajatosha. Warudishe wakairekebishe sentensi hiyohiyo. Mimi nauthamini mzunguko huo wa pili kuliko wa kwanza, kwa maana hapo mtoto anachagua neno kwa sababu anayo haja nalo.

Mstaafu wa Kigoma Mjini amejibu:

Naongezea shughuli ya kusoma inayozaa kuandika. Chukua historia ya meli ya Liemba, ambayo watoto wa mkoa huu wanaisikia tangu wadogo. Ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kuletwa Kigoma kwa reli, ikaungwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Andika kila tukio kwenye ukanda wake wa karatasi bila mwaka, uzichanganye kanda hizo, kisha vikundi vizipange na kueleza kwa nini tukio hili haliwezi kutangulia lile. Wakimaliza, kila mtoto aandike kama yeye ndiye meli: "Nilipokuwa chini ya maji…" Nafsi ya kwanza huwafungua hata wale wazito.

Mzazi na mwalimu, Kibondo, amejibu:

Nakubaliana na wenzangu, ila naomba imla na mwandiko visiachwe, kwani mtoto anayehangaika na kila herufi hana nafasi ya kufikiri habari. Siku ya utungaji, hata hivyo, usisahihishe kila kosa. Chagua aina moja, kwa mfano herufi kubwa na nukta, na mengine uyaache hadi wiki nyingine. Kuhusu Kiha, waache wasimuliane wawili wawili kwa lugha ya nyumbani kwanza, kisha waandike kwa Kiswahili.

Mwalimu wa Kasulu ameandika:

Asanteni sana. Nitaanza na vitendawili wiki ijayo. Kazi zao nizihifadhi vipi ili darasa zima lizisome?

Mwalimu wa Ujiji amejibu:

Tengeneza vijitabu. Karatasi moja ya A4 ikikunjwa mara tatu hadi itoe sehemu nane, ikakatwa mkato mmoja katikati na kukunjwa tena, inakuwa kijitabu cha kurasa nane bila gundi wala pini. Kwa kuwa upande mmoja tu wa karatasi ndio unaoonekana, tumia zile zilizokwisha kuchapwa upande mmoja ofisini.