Humpty Dumpty na yule chura mtangazaji: niliota au nilimwona kweli?

MamaPili
Wakuu, hamjambo. Swali langu huenda likaonekana la kipuuzi ila limenikosesha raha tangu juzi. Binti yangu wa miaka mitano kaniuliza, "Mama, nani alisema Humpty Dumpty ni yai?" Nikacheka, nikamwambia hebu imba tena usikilize. Akaimba, nikaimba. Kweli bwana, yai halimo! Kaketi ukutani, kaanguka, farasi na watu wa mfalme wameshindwa kumuunga. Basi.

Hapo nikakumbuka jambo jingine. Utotoni niliona vikaragosi kwenye mkanda wa video: chura wa kijani kavaa koti refu na kofia, anatangaza habari pale pale penye ukuta. Na ninavyokumbuka, yai LILIUNGWA. Likapona kabisa, halafu chura akaharibu. Mume wangu anasema niliota, maana wimbo unasema halikuungika. Kuna aliyeiona? Na hilo yai lilitoka wapi?

Kanda_Kuukuu
Hukuota, dada. Huyo ni Kermit, kikaragosi ambacho Jim Henson alikitengeneza 1955 kwa koti kuukuu la mama yake, na macho ni mpira wa tenisi ya mezani uliokatwa nusu kwa nusu. Kipindi ni Sesame Street, kilichoanza kurushwa Marekani Novemba 1969. Humo Kermit alikuwa na taarifa yake ya habari, akienda kuwahoji wahusika wa ngano na nyimbo za watoto. Kwa Humpty, watu wa mfalme wanafaulu kumuunga, Kermit anafurahi, anampiga kofi la mgongoni kumpongeza, na yai hilooo, chini tena. Shemeji akuombe radhi.

Yai nalo lina kisa. Toleo la kale kabisa lililochapwa ni la London, 1797, na humo hata farasi hamna. Kuna watu themanini, wakaongezwa themanini wengine, wote wakashindwa kumrudisha alipokuwa. Inadhaniwa kilikuwa kitendawili, na yai ndilo jibu. Sisi tunasema "nyumba yangu haina mlango" na jibu ni lile lile. Shida yao ni kwamba jibu lilichorwa mno. Mwandishi wa Uingereza Lewis Carroll alipomweka Humpty kwenye kitabu chake cha pili cha hadithi za binti aitwaye Alice, 1871, John Tenniel akamchora yai zima limekaa ukutani. Toka hapo nani atategewa kitendawili ambacho jibu liko kwenye picha?

Mzee_wa_Hoja
Mbona mimi nimesikia Humpty ulikuwa mzinga wa vita, mji wa Colchester ulipozingirwa 1648?

Kanda_Kuukuu
Inasimuliwa sana hiyo, mzee wangu, ila hakuna maandishi ya wakati ule yanayoitaja. Tuendelee na yai.

Fundi_Gundi
Naomba niingie hapa, maana Humpty nimemtengeneza kwa mikono yangu na ameniaibisha mbele za watu.

Watu hudhani kazi ni kumvunja. Kazi ni shingo. Kikaragosi cha mdomo unakiendesha hivi: vidole vinne juu, gumba chini, na kifundo cha mkono ndiyo shingo. Ukikikunja anaona haya, ukikizungusha anakataa. Sasa yai shingo litoe wapi? Kichwa ndicho tumbo. Kwenye kitabu hicho alichokitaja mkuu hapo juu, Alice anashindwa kujua kama Humpty amevaa tai au mkanda. Msomaji wa kawaida anacheka, fundi anaguna. Nilichofanya, hisia zote nikazihamishia miguuni. Miguu mirefu ya kitambaa inaning'inia mbele ya ukuta, inavutwa kwa nyuzi zinazopita kwenye vitundu. Akiogopa inatetemeka. Akijidai, anakunja nne.

Neema ya wimbo huu ni ukuta. Unapewa jukwaa bure! Wewe umejificha nyuma, mkono juu, yai limekaa. Akianguka kwa nyuma ni kushusha mkono tu, msaidizi anaangusha sahani za bati kwenye ndoo, na kila mtoto ataapa kwamba aliona maganda yakiruka.

Mimi kwa ujuaji wangu nikataka aanguke kwa mbele. Nikatengeneza yai la pili: puto, vipande vya magazeti, uji wa ngano, tabaka saba, siku tatu juani. Nikalikata kwa kisu kwa mchoro wa meno ya msumeno, nikabandika sumaku sita ndani ya kingo ili lishikane hadi ligonge chini. Siku ya onyesho likaanguka, pu! Likadunda. Likabiringika zima zima hadi miguuni pa mtoto wa mstari wa mbele. Sumaku zilikuwa kali mno. Kimya. Mtoto akaliokota, akalinyanyua juu: "Hajaumia!" Ukumbi mzima makofi.

Na watu wa mfalme ndio kwanza wanaingia na bandeji na gundi, kumtibu mtu mzima wa afya. Msaidizi wangu hakuwa na la kufanya. Kikaragosi chake kikalikumbatia yai kwa furaha, kikalibana, na hapo ndipo likaachia, vipande vinne. Sijapata kusikia watoto wakicheka vile, wala sijarudi kwenye mpango wangu wa mwanzo. Yule chura alikuwa ameshanifundisha hilo nikiwa mdogo, sikumsikiliza: yai likianguka lenyewe watoto wanasikitika, likivunjwa na anayelipenda wanagaragara.

Kanda_Kuukuu
😂😂 Fundi, ungemshona wa kitambaa. Uingereza walikuwa na kipindi cha watoto cha televisheni, Play School, kuanzia Aprili 1964, Humpty wao mwanasesere aliyejazwa pamba, na Australia wakaanza yao 1966, naye Humpty yumo. Huyo angusha utakavyo.

Fundi_Gundi
Huyo ni mto wenye macho, mkuu.

MamaPili
Asanteni sana. Mume wangu kasoma mpaka kwenye sumaku, akasema "haya, yaishe." Binti naye nimemsomea ya watu themanini na themanini, kakubali. Farasi ndio wamemshinda. Anauliza walipanga kumuunga kwa kwato zipi. Nimemwambia alale.