Tupeane uzoefu: Umeambiwa kwa simu "kazi ni yako", barua haijafika. Unaacha ya kwanza?

Binti wa Shabab
Habari zenu wadau. Jana nimeona mtu hapa akijisifu alivyomrushia mdosi barua ya kuacha kazi, tumbo langu likavuruga, maana mimi niko njia panda hiyo hiyo.

Niko duka la hadiwea hapa Nakuru, mwaka wa nne sasa. Mimi ndiye naandika vitabu, na lori la simenti likiingia ndiye nahesabu mifuko. Wiki jana nilienda intavyu Kisumu. Alhamisi jioni niko ndani ya matatu, makanga anadai nauli, simu ikalia. Mama mmoja: "Tumekupenda, kazi ni yako, jipange kuripoti tarehe mosi." Nikauliza barua, akasema inakuja. Leo Jumanne sijaona kitu. Nikitoa notisi leo ndiyo nitawahi. Nikingoja barua nitachelewa.

Na mdosi wangu si mtu mbaya, hapo ndipo ninapokwama. Mama alipolazwa yeye ndiye alinikopesha, na bado ananidai elfu nane. Nyinyi mlifanyaje?

Jikaze
Barua kwanza. Simu si barua.

Mama Mapacha
Dadangu, mkono unanitetemeka nikiandika hii.

2019, Kisumu. Nilikuwa mapokezi kwenye loji fulani. Nikapigiwa simu kama hiyo yako, sauti tamu kama hiyo. Nikatoa notisi, nikamaliza mwezi. Ijumaa ya mwisho wenzangu wakaninunulia leso na beseni, tukapiga picha, mpishi akatoa soda za bure. Jumatatu nimevaa viatu vipya nikaenda huko. Soja wa getini akafungua kitabu chake, akapitisha kidole kutoka juu mpaka chini, akafungua ukurasa wa pili. "Madam, jina lako halipo." Nikamwambia atakuwa amekosea, atazame tena. Akatazama tena kwa heshima kabisa.

Nilikaa kwenye ile benchi ya getini kutoka saa mbili asubuhi mpaka saa saba. Aliyenipigia hachukui simu. Saa saba akatoka kijana mmoja ambaye hata sikuwahi kumwona, akaniambia bajeti imesimamishwa, nijaribu mwezi wa sita.

Sasa kurudi nyumbani kusema nini? Mume wangu alishawaambia watu wa kwao. Kwa wiki mbili nzima nilikuwa naamka, navaa, nabeba ndengu zangu kwenye kopo, naenda kukaa Jomo Kenyatta Sports Ground chini ya mti. Saa nne nishakula zote. Jioni narudi, naulizwa kazi ilikuwaje, nasema nimechoka. Na hapo sikudanganya.

Usitoe notisi kwa sauti ya simu.

Kuku Kienyeji
Hiyo benchi ya soja naijua. Yangu ilikuwa Eldoret.

Mwalimu Njoro
Mimi nitaenda kinyume na nyinyi. Mapema 2023 niliacha shule ya binafsi kabla barua yoyote haijanifikia, kwa sababu nilisikia jina langu limo kwenye wale walimu wa uintani wa TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu, wa sekondari za junia. Elfu ishirini kwa mwezi kabla ya makato. Nilikotoka nalipwa kumi na mbili, na muhula mmoja nililipwa gunia la maharagwe na ahadi. Jina lilikuwepo kweli. Kama ningengoja karatasi ningekuwa bado nahesabu maharagwe.

Jikaze
Mwalimu, wewe ulibahatisha, na bahati huwezi kumshauri nayo mtu mwingine.

Mwalimu Njoro
Na wewe umewahi kuacha kazi gani tangu uanze kushauri watu humu?

Jikaze
Tusianze.

Mzee wa HR
Nimekaa upande wa pili wa meza, wa wanaoajiri, miaka kumi na moja, kwa hivyo nisikilizeni kidogo.

Sheria ya Ajira ya 2007: ukilipwa kwa mwezi, notisi ni siku 28, kwa maandishi, isipokuwa kama mkataba wako unataka zaidi. Ukiwa bado kwenye majaribio ni siku 7. Kama huwezi kukaa siku hizo, unamlipa mwajiri mshahara wa siku hizo na unaenda. Kwa hivyo binti yangu, hata barua ikichelewa hujafungiwa mlango, unanunua siku zilizobaki. Waulize pia Kisumu kama wanaweza kukusogezea tarehe. Kampuni inayokutaka kweli haishindwi kungoja wiki mbili.

Ukiondoka dai cheti cha utumishi. Ni haki yako, kifungu cha 51, hata kama mmeachana kwa matusi.

Na huyo mama aliyekupigia mwandikie barua pepe leo leo: "Nashukuru kwa simu ya Alhamisi, naomba unithibitishie cheo, mshahara na tarehe ya kuanza ili nitoe notisi." Akikaa kimya siku tatu, jibu unalo.

Boda wa Rhonda
Sheria za makaratasi hizo. Mimi nalipwa kila Jumamosi kwa M-Pesa, notisi yangu ni kuzima simu.

Mzee wa HR
Kama umefanya kazi hiyo mfululizo zaidi ya mwezi, sheria haikuhesabu tena kama kibarua. Soma kifungu cha 37.

Boda wa Rhonda
Nikamsomee nani? Njoo wewe umsomee mdosi wangu, nauli nitalipa.

Dada wa Kakamega
Kabla hamjaanza kupigana. Wamekuitisha pesa yoyote? Ya sare, ya "medical", ya kufungua faili? Wakikuitisha hata mia mbili, kimbia. Mimi nilituma 2,500 na hiyo namba haikuwahi kulia tena. Cheti cha tabia njema cha DCI, polisi wa upelelezi, unajilipia mwenyewe eCitizen, tovuti ya serikali, 1,050, haipitii kwa simu ya mtu. Na tangu sheria irekebishwe 2022 hawaruhusiwi kukuitisha hivyo vyeti vyote kabla hawajaamua kukupa mkataba.

Binti wa Shabab
Hawajaitisha pesa. Wameitisha tu peslipu ya mwezi uliopita.

Kuku Kienyeji
Kwani uliwaambia unalipwa ngapi?

Binti wa Shabab
Niliongeza kidogo.

Kuku Kienyeji
Kidogo ngapi?

Binti wa Shabab
Elfu tisa.

Jikaze
😂😂 Hiyo barua haiji.

Mama Mapacha
Muache mtoto. Kila mtu anaongeza.

Mzee wa HR
Si kila mtu. Ukiulizwa, sema unachotaka kulipwa, si unacholipwa. Ni vitu viwili tofauti, na cha kwanza hakina peslipu.

Omera wa Kondele
Nyinyi mnalia barua, mimi kazi yangu ilichukuliwa na refarii.

Si wa mpira. Wale watu wawili unaowaandika mwisho wa CV wakushuhudie. Nilikuwa stoo ya unga hapa Kisumu, na jamaa yangu, tulikuwa tunakula sahani moja ya omena. Nikapata intavyu ya kampuni kubwa kuliko yetu. Nikamwandika jina na namba. Nikamwambia, "Omera, ndugu yangu, wakipiga sema mimi ni mtu wa kuaminika." Akasema, "Hiyo ni kazi ndogo."

Intavyu ikaenda vizuri. Wakasema watawapigia marefarii, halafu wataniambia. Wiki ikapita. Jamaa akaomba ruhusa siku moja, ati jino. Akarudi kesho yake, shavu halijavimba, anatafuna njugu karanga. Mimi hata sikushtuka. Mwisho wa mwezi akatoa notisi, ati anaenda kulima kwao. Tukamchangia. Mimi nilitoa mia tano. YA FULIZA, ule mkopo wa M-Pesa.

Machi napeleka mzigo godauni la ile kampuni. Nani anatoka kupokea, koti jeupe, kalamu kwenye sikio? Ananiangalia, naye hakupepesa jicho. "Omera, tia sahihi hapa."

Dada wa Kakamega
WUEH

Boda wa Rhonda
Ulitia?

Omera wa Kondele
Mifuko mia mbili iko kwenye lori, dereva anapiga honi. Nilitia.

Kuku Kienyeji
Usituache hapo. Alisema nini walipompigia?

Mama Mapacha
Endelea tafadhali, nimeacha sufuria motoni.

Omera wa Kondele
Alikuja kukiri mwenyewe, tukiwa kwenye matanga ya babake. Alisema walimuuliza, "Huyu mtu anaweza kusimamia stoo kwa kompyuta?" Akawajibu, "Hapana, lakini mimi naweza."

Mzee wa HR
Naomba nisicheke.

Mwalimu Njoro
Na ulikuwa unaweza?

Omera wa Kondele
Kitu gani?

Mwalimu Njoro
Kompyuta.

Omera wa Kondele
Hiyo si hoja.

Mwalimu Njoro
Ndiyo hoja yenyewe. Aliulizwa swali, akajibu ukweli.

Dada wa Kakamega
Mwalimu wewe ni mtu hatari. Ukweli gani wa kwenda intavyu kwa kisingizio cha jino?

Boda wa Rhonda
Mimi nauliza tu kama ile mia tano ilirudi.

Omera wa Kondele
Nilimchangia tena kwenye hayo matanga. Elfu moja.

Jikaze
Turudi kwa dada. Elfu nane za mdosi lipa kabla ya notisi, uondoke kichwa juu.

Kuku Kienyeji
Usilipe. Akate mshahara wa mwisho. Ukilipa leo na Kisumu ikaruka, utakopa wapi tena?

Mama Mapacha
Mimi ningemwambia mdosi ukweli, kwa mdomo, kabla ya karatasi. Mtu aliyekulipia mama hospitali hatakiwi kuisikia kwa mtu wa simenti.

Binti wa Shabab
Asanteni nyote. Nimeandika ile barua pepe kama mzee alivyosema na yule mama wa Kisumu amejibu sasa hivi! Anasema cheo na mshahara ni vile tulivyoongea, barua itatoka Ijumaa, wanangoja tu kupigia marefarii wangu.

Mzee wa HR
Vizuri. Notisi ingoje hiyo Ijumaa.

Omera wa Kondele
Uliandika nani?

Binti wa Shabab
Mmoja ni mhadhiri wangu wa zamani Egerton. Wa pili ni dada tunayekaa naye kaunta moja hapa dukani, yeye ndiye alinisaidia hata kupanga CV.

Omera wa Kondele
Futa.

Boda wa Rhonda
Futa sasa hivi.

Binti wa Shabab
Nilishatuma. Na leo hajaja kazini.