Kokedama yangu imedondokea sinia la vitumbua. Nimekosea wapi?

MamaNasra_Tanga

Wadau wa bustani, habari za saa hizi. Nina aibu kidogo ila nitasema.

Niliona video ya Wajapani wakizungushia tope mizizi ya mmea, wakalivika kuvumwani, yale majani laini ya kijani ya kwenye kuta zenye unyevu, wakafunga uzi na kulitungika hewani bila chungu. Wanaita kokedama. Nikasema hili hata mie naliweza. Nikachota udongo mweusi wa uani, nikabumba mabonge matatu, nikayaning'iniza barazani.

Siku ya nne kuvumwani ikawa rangi ya tumbaku. Jumapili kaja shemeji, tumeweka sinia la vitumbua, mara pu! Bonge limepasuka kama embe bivu, mizizi na udongo juu ya vitumbua, na jongoo mmoja anatembea. Shemeji akauliza kama ndicho kitoweo. Na mume wangu anayapiga kichwa kila alfajiri akienda msikitini. Amenipa mpaka Ijumaa niyatoe.

Nifanyeje? Kurudi kwenye makopo ya rangi sitaki.

Kibarua_wa_Maua

Hahaha, pole mama. Jongoo mmeshamwombea dua?

Kosa ni udongo. Wa uani ukikauka unasinyaa, unapasuka. Wenyewe wanatumia keto, tope jeusi linalonata, wanachanganya na akadama, chembe za udongo wa volkano. Huku changanya udongo wa mfinyanzi na unga wa makumbi. Finya konzi moja: alama za vidole zikibaki bila ufa, umepata. Na usimwagilie kwa juu. Zamisha bonge kwenye ndoo mpaka mapovu yaishe, lichuruzike, ndipo ulitungike.

Babu_wa_Chiba

Mama Nasra, niko Japani mwaka wa 11 sasa. Kokedama hata huku wengi wanaiweka kwenye kisahani, ndani. Cha kutungika barazani wakati wa joto ni kitu kingine, tsurishinobu, na mie nakipenda zaidi.

Shinobu ni kangaga. Shina lake linatambaa, lina manyoya kama mguu wa buibui mkubwa. Wanalizungusha juu ya kuvumwani na vijiti vya mianzi, wanafunga kwa waya, basi. Jina lenyewe linatokana na kuvumilia, maana mmea unaishi bila udongo. Ni mambo ya tangu enzi za Edo, karne ya 17 hadi ya 19. Watunza bustani walikuwa wakiwapelekea wateja wao zawadi ya kiangazi. Na hapo ndipo mchezo ulipo: si lazima liwe bonge. Wapo wanaotengeneza mashua, wapo wanaotengeneza fremu ya mdomo wa kisima. Chini yake inaning'inia fūrin, kengele ya kioo yenye kikaratasi kirefu cha kudakia upepo.

Bibi jirani yangu anayo ya mashua. Jioni anaizamisha kwenye beseni, anaitungika inadondosha matone, na siku isiyo na upepo anakipepea kile kikaratasi kwa upepeo wake wa mkononi mpaka kengele ilie. Joto liko palepale, shati limenigandia mgongoni, lakini nikisikia ile sauti nasogeza kiti dirishani.

Baridi ya kwanza majani yalipukutika yote, nikampa pole. Alicheka sana. Masika yakachomoza machipukizi yamejikunja kama konokono.

Ghorofa_ya_3

Mie nilitamani ile Air Bonsai ya Wajapani wa Hoshinchu ya 2016, mti mdogo unaelea juu ya kibao kwa sumaku. Kumbe unachomeka ukutani. Umeme ukikatika, huo chini! Nikaishia kwenye chombo cha maua cha D-BROS, chapa nyingine ya Kijapani: kinakuja bapa kama bahasha, ni plastiki laini, ukitia maji kinajaa tumbo na kusimama. Wageni wanakibonyeza kwanza kabla ya kunisalimia.

MamaNasra_Tanga

Nimerudi. Babu, asante sana. Huo shinobu wako sina, ila nimebandua makangaga kwenye shina la mchikichi, nikayafunga kwa kamba ya usumba juu ya vijiti vya mwanzi, nikaunda ngalawa. Mirengu yake imepinda upande mmoja, ila ngalawa. Vitumbua sasa tunalia mkekani, upande wa pili. Kengele ya kioo sina, nimening'iniza vijiko viwili vya chai vilivyobaki kwenye seti ya harusi yetu.

Mume bado anaipiga kichwa alfajiri. Ila sasa inalia, na mie ndiyo inayoniamsha kuswali. Ijumaa imepita, hajasema kitu.