Wakaguzi wa maji wanakuja masika, uchafu unamwagwa kiangazi. Mwenye kibali anakaguliwa na nani?

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie. Na wale wa "lete ushahidi", someni mpaka mwisho kwanza.

Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini kuna mto mdogo unaoshuka kutoka mlimani, unapita kwenye mtambo wa kumenya kahawa, halafu ndiyo unatufikia sisi. Mto, mtambo na ofisi sivitaji, wenyewe wakisoma watajijua. Mtambo una vibali vyote viwili, cha kutumia maji na cha kutiririsha majitaka. Tukilalamika jibu ni lilelile: "Yule ana kibali." Haya, anacho. Kibali kina masharti. Nani anakwenda kuangalia kama yanafuatwa, na anakwenda lini?

Hapo kwenye "lini" ndipo usanii ulipo.

Kwa wasiojua kahawa: huku inaanza kuiva Mei na Juni, Julai na Agosti ndiyo moto wenyewe. Mvua zimeshakata, mto unapungua kila wiki. Mkulima anachuma tangu asubuhi, alasiri anapeleka mzigo, na kahawa mbivu hailazwi, lazima ipite mashineni siku hiyohiyo. Kwa hiyo mtambo unanguruma jioni kwenda usiku. Maji yanayotoka pale yana ule utelezi wenye sukari. Yakikaa yanachacha na kuwa tindikali. Yakiingia mtoni, vijidudu vinavyokula ile sukari vinamaliza oksijeni yote iliyomo majini, asubuhi unakuta samaki wanaelea na ng'ombe ananusa maji anageuka. Tena ni wakati ambao mto hauna maji ya kuuzimua huo uchafu.

Wakaguzi wetu wanakuja mwezi wa tatu. Saa nne asubuhi! Mto umefurika, mtambo una kufuli, mlinzi anaota jua. Wanazunguka, wanapiga picha mashimo ya majitaka yaliyojaa maji ya mvua, wanasaini kitabu cha wageni, wanaondoka. Ripoti inasema hakuna utiririshaji ulioonekana. Mngeuonaje?

Msimu mmoja, baada ya kumsumbua sana diwani, walikuja kweli mtambo ukiwa kazini. Ila mwenye mtambo alipigiwa simu siku kadhaa kabla. Hivi jamani, mwizi wa kuku anaambiwa tutakuja kukupekua Jumanne? Siku hiyo lile bomba la inchi nne linalopita chini ya migomba lilikuwa limezibwa kwa gunia na udongo mbichi, alama za jembe bado zinaonekana. Afisa akachota sampuli juu ya bomba, si chini yake. Akachotea kwenye chupa ya maji ya dukani ya nusu lita, lebo haijabanduliwa, akaichomeka kwenye mfuko wa mlango wa gari. Hakuna deli, hakuna barafu, hakuna hata kalamu ya kuandika saa. Kipimo cha kujua uchafu unakula oksijeni kiasi gani, BOD, kinachukua siku tano maabara kwa nyuzi 20, na sampuli inatakiwa ifike ikiwa ya baridi, tena haraka. Ile ikipikwa juani mpaka mjini, itapima nini?

Kiwango cha taifa cha majitaka ni BOD isiyozidi miligramu 30 kwa lita. Maji ya kumenyea kahawa yasiyosafishwa huwa na maelfu. Hapa hatubishani kuhusu kuzidi kidogo. Mwalimu wa kemia wa sekondari yetu aliweka karatasi ya litmas ya bluu kwenye mdomo wa lile bomba usiku, ikawa nyekundu palepale, yaani tindikali tupu. Karatasi ya litmas, wakuu! Na dawa yake haihitaji mfadhili: maji yatulie kwenye mashimo, yatiwe chokaa kuua tindikali, mengine yarudishwe kumenyea tena.

Upande wa kuchota ni vilevile. Kibali kinataja lita kwa sekunde. Pale kwenye banio, kizuizi cha kuchepushia maji ya mto, ubao wa kupimia kina ulishang'olewa na mafuriko na haujarudishwa. Juu yake zimeongezeka pampu za mashamba ya parachichi. Kama hakuna kipimo, hizo lita mnazijuaje? Ada ya kila mwaka lakini haisahauliki, hiyo hesabu yake ipo mpaka senti.

Niliwahi kusoma kwamba New Zealand, tangu kanuni za mwaka 2010, anayechota kwa kibali lita 5 kwa sekunde au zaidi lazima apime anachochota na kuwasilisha rekodi zake. Sisemi tuwe kama wao. Nasema mita ni chombo cha kawaida tu.

Na msiniambie sheria hakuna. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 imeweka mahitaji ya binadamu kwanza, halafu maji ya kuuacha mto uishi, shughuli za kiuchumi zinafuata. Umbali nao si sababu. Kati ya mabonde tisa ya maji ya nchi hii, matatu yana ofisi zake kuu huku kwetu: Rufiji iko Iringa, Rukwa iko Mbeya, Nyasa iko Tukuyu. Na tumeshaona mwisho wake. Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha tangu 1993, baada ya maji yake huko juu, bonde la Usangu, kuchepushwa mashambani kupitia mabanio ambayo yalijengwa vizuri kiasi kwamba hata kiangazi yalibeba karibu yote.

Tunachotaka ni hiki. Mkaguzi aje Julai, aje jioni, asipige simu. Achote juu na chini ya bomba, aandike saa, na mtu wa kijiji awepo. Majibu ya maabara yabandikwe kwenye ubao wa matangazo ofisi ya kijiji, pamoja na nakala ya kibali, maana mpaka leo hakuna mwanakijiji aliyewahi kuyasoma hayo masharti.

Barua ya kuomba nakala ya kibali tumepeleka, ile tuliyobaki nayo ina muhuri wa kupokelewa, majibu hakuna. Kama kuna mtu humu kijiji chake kiliwahi kupewa, atuambie aliandikia ofisi gani na alipitia kwa nani. Msimu unaanza karibuni.